Damu Isiyotaka Kukazwa

Saa moja kasoro robo asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, mwanamume wa miaka hamsini na minne ameketi kwenye kiti cha mbao ndani ya zahanati ya mlimani. Mkono wa shati ameukunja mpaka begani. Muuguzi anamfunga mpira juu ya kiwiko, anaupigapiga mshipa kwa vidole viwili, anatafuta.

"Mshipa umejificha leo," anasema muuguzi.

"Umekujua," anajibu yule mwanamume. "Hii Alhamisi ya nne. Hata mbuzi akiiona kamba ileile kila wiki, anarudi nyuma."

Muuguzi anacheka, lakini ni kicheko cha mdomoni tu. Anachukua damu ya kujaza vichupa viwili, anavibandika karatasi. Kimoja anakichora mstari mmoja, kingine mistari miwili. Kisha anampa pamba ya kukandamizia pale palipotobolewa.

Damu hii haiendi kutafutwa malaria wala sukari. Inaenda kupimwa safari. Sasa hapo lazima tueleze taratibu, maana hata majirani zake walipolisikia jambo hili walidhani mzee wa watu ameanza kuchanganyikiwa.

Jina analoitwa na watu ni Kifua. Kwa miaka kumi na saba kazi yake imekuwa moja: kuchukua damu za wagonjwa pale zahanati, kuzishusha mjini kwenye maabara ya hospitali, na kurudi mlimani na majibu na dawa. Ni kilomita sitini na tatu kwenda. Arobaini na moja ni mawe, tope na mito mitatu isiyo na daraja. Zilizobaki ni lami. Gari haliwezi kupita, au tuseme linapita likitaka kubaki hukohuko.

Na hilo jina amelipata kwa sababu sanduku la damu, lile la buluu la kutunza baridi, halifungi nyuma ya pikipiki kama watu wengine. Analibeba kifuani kwa mikanda, kama mama aliyembeba mtoto mbele. Wageni wakisikia "Kifua amefika" hujisogeza kando na kuziba pua, wakidhani ni mgonjwa wa kukohoa. Yeye huwaambia, "Msiogope, kifua changu kizima. Kibovu ni kilichobaki."

Kilichobaki ni mgongo na mikono. Tutafika huko.

Nje ya zahanati pikipiki imeegemea ukutani. Ni ndefu, nyembamba, imekonda kama mbwa wa mwindaji. Ni ile aina ya pikipiki za njia mbili, za lami na za porini. Ina taa na indiketa na kioo cha pembeni, vya kumridhisha polisi wa mjini. Halafu ina matairi ya meno, ya kuiridhisha milima. Gurudumu la mbele ni kubwa kuliko la nyuma, lipande jiwe badala ya kuligonga. Madigadi ya mbele imeinuliwa juu kabisa, tope lipate pa kutokea. Bomba la moshi limepitishwa juu, karibu na kalio la dereva, ili mtoni lisinywe maji.

"Na shokapu zake ni ndefu," anasema Kifua, akiibonyeza kwa uzito wake mpaka inakaa chini kama ngamia. "Inaweza kushuka shibiri nzima na kurudi. Mtu anayeuza pikipiki atakwambia hiyo ndiyo dawa ya mashimo. Hakudanganyi. Ya mashimo ni dawa kweli."

Shida haiko kwenye shimo. Shida iko kwenye injini yenyewe.

Injini ina silinda moja, ujazo wa cc mia mbili, haina maji ya kupoza. Inapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya chuma yaliyoizunguka kama mapezi ya samaki. Ni injini ya mtu aliye mbali na fundi. Ukiwa na spana tatu na plagi ya akiba, unaifungua kando ya njia na kuifunga, na sehemu za kuharibika ni chache. Betri ikifa, unapiga kiki kwa mguu, maisha yanaendelea. Ndiyo maana wenye zahanati waliichagua, na hawakukosea.

Lakini silinda moja inatikisa. Kifua hueleza hivi: injini ya pistoni mbili ni kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Huyu akishusha mchi, mwenzake anapandisha, na kazi inakwenda kwa wimbo. Injini ya pistoni moja ni mtu mmoja anayetwanga peke yake, kwa hasira. Nyumba nzima inamsikia.

"Sasa mtu huyo anatwanga mara elfu kadhaa kwa dakika," anasema. "Na wewe umemkalia."

Miaka tisa ya mwanzo Kifua hakuitwa Kifua. Alifunga sanduku nyuma, kwenye keria, kama alivyoelekezwa. Na kwa sababu ni mtu anayejali kazi, alilifunga kwa kukaza. Alikata vipande vya tyubu ya gari, akalivuta sanduku mpaka keria ikalia. Ukilisukuma halitikisiki. Alijivunia sana mkazo ule. Madereva wengine walipoteza mizigo njiani, yeye hakuwahi kupoteza hata kifuniko.

Basi majibu mengine yakawa yanarudi na maneno yaleyale yameandikwa kwa kalamu nyekundu: damu imevunjika, chukueni nyingine. Wagonjwa walitobolewa tena. Alhamisi nyingine, safari nyingine. Wa mlimani walilaumu sindano. Wa mjini walilaumu baridi ya sanduku. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu, na hakuna aliyeitazama ile mipira ya tyubu.

Mmoja wa waliorudishiwa damu alikuwa dada yake mkubwa, yule aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Miguu ya dada ilikuwa imevimba, na muuguzi wa wakati ule alihofia figo. Damu ikashuka mjini. Ikarudi karatasi: imevunjika. Ikashuka ya pili. Imevunjika.

Kifua hucheka kidogo akifika hapa.

"Dada alikuwa mtu wa utani," anasema. "Aliniambia, 'Mdogo wangu, hebu niambie ukweli, hiyo pikipiki yako inakunywa petroli au inakunywa damu yangu?' Nikamwambia, 'Dada, wiki hii nitalifunga mwenyewe kwa mikono yangu, halitasogea hata unywele.' Nikaongeza waya juu ya mpira."

Akakaza zaidi. Ile ya tatu ikarudi imevunjika kuliko zote.

Siku walipokata shauri kumshusha dada mwenyewe, walimbeba kwa machela mpaka kwenye lami, na huko likapatikana gari. Madaktari walimpima palepale hospitali na majibu yakatoka siku hiyohiyo. Wakasema alipaswa kuletwa wiki tano kabla. Wiki tano ni Alhamisi ngapi, Kifua hakuhitaji kuhesabu. Dada alizikwa mwezi uliofuata.

Miezi minne baada ya msiba, Kifua alikuwa uani kwa maabara, injini inanguruma, anangoja sahihi. Mama wa maabara, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, alitoka na karatasi. Akaegemeza mkono juu ya sanduku ili apate pa kuandikia. Bangili zake zikaanza kulia. Kalamu ikachora kama kuku anaparura.

"Baba, hii damu unaibeba au unaitikisa kama dawa ya kikohozi?" akauliza.

"Imefungwa vizuri hiyo," akajibu Kifua. "Haitoki hapo."

"Ndiyo ninavyoona. Haitoki hapo. Injini inapiga chuma, chuma kinapiga sanduku, sanduku linapiga damu. Ungeilegeza hata kidogo ingepata pa kupumulia. Chembe za damu ni kama mayai, zinapasuka. Na zikipasuka kipimo kama cha figo sikiamini tena, natupa."

Yule mama hakuwa anajua habari za dada. Alisema tu kama mtu anayesema kazi yake. Kifua alinyoosha mkono, akazima injini, akabaki amekaa juu yake.

"Kupotea njia ndiyo kujua njia, wanasema," anasema sasa. "Wanasahau kusema nani alikuwa anakusubiri wakati umepotea."

Tangu siku ile, miaka minane sasa, sanduku liko kifuani. Mwili wa mtu una nyama, una maji, una viungo vinavyolegea. Mtikisiko ukipanda kutoka kwenye tandiko unaishia kiunoni na mabegani, na damu ya watu inafika imelala usingizi. Tangu aanze kuvaa sanduku, karatasi za kalamu nyekundu zimekuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Lakini kitu hakipotei, kinahama. Bandu bandu huisha gogo. Mgongo ulianza mwaka wa tatu. Mwaka wa tano vidole vya mkono wa kulia vikawa vinageuka vyeupe asubuhi ya baridi, kama vya maiti, halafu vinarudi vikiwa na ganzi. Sasa ganzi hairudi nyuma. Kifungo cha shati anafungiwa na mkewe.

Mkewe ndiye aliyegundua jinsi mambo yalivyofika pabaya. Ilikuwa alasiri, yeye anachambua mboga mlangoni, mume ametoka tu safari, amechutama kando ya pikipiki anafungua plagi.

"Baba watoto, unachoma nini huko?" akauliza.

"Sichomi kitu."

"Kuna harufu ya nyama."

Kifua akatazama huku na huku. Kidole chake kidogo kilikuwa kimelalia mapezi ya silinda, na silinda ilikuwa ya moto ya kuchemsha maji. Ngozi ilikuwa imeshikana na chuma. Hakuwa amesikia kitu.

Mkewe hakupiga kelele. Alimwekea kidole kwenye bakuli la maji, akakaa naye, akasema, "Hiyo mikono ndiyo inayoshika breki mlimani?"

Siku hizi, kabla ya kugusa injini, Kifua huchovya kidole kwenye maji na kudondosha tone juu ya mapezi. Likichemka, anangoja. Tone la maji ndilo linalomwambia kile ambacho ngozi yake imekataa kusema.

Daktari mmoja wa hospitali alimwandikia barua kwa ofisi ya wenye zahanati, na ofisi ikajibu: mwisho wa mwezi ujao aache. Atatafutwa dereva mwingine. Mshahara wenyewe, ukiondoa chakula cha nyumbani, haufiki bei ya matairi mawili ya nyuma, na kila mwaka pikipiki inakula manne, lakini Kifua hakulalamikia hilo. Alikwenda ofisini kuuliza jambo moja tu. Dereva mpya atabebaje sanduku?

"Kwenye keria," aliambiwa. "Hatuwezi kumwambia mfanyakazi avae sanduku kifuani. Si utaratibu. Na tazama lilivyokufanya wewe."

"Walisema kweli," anasema Kifua. "Hapo ndipo niliposhindwa kubishana. Mimi mwenyewe sitaki mtu mwingine alivae. Lakini nikinyamaza, nikatoka, wiki ya kwanza tu karatasi nyekundu zinaanza kupanda mlima."

Alipofikiri hivyo ndipo akaanza kutobolewa kila Alhamisi.

Damu za wagonjwa zinaendelea kupanda kifuani, hazichezewi. Pamoja nazo kinakaa kichupa chake cha mstari mmoja. Kile cha mistari miwili kinawekwa kwenye sanduku la pili, tupu, linalofungwa nyuma kwa ufundi wake wa wiki hiyo. Mjini mama wa maabara anavizungusha vyote viwili kwenye mashine yake na kuvitazama. Kile cha kifuani kikiwa safi na cha nyuma kikiwa safi, basi Kifua anaweza kwenda zake akalala.

Alhamisi ya kwanza alitandika sponji ya godoro. Damu ikavunjika. Ya pili alikwenda kwa fundi wa makochi, akachukua springi nne. Ikavunjika vibaya zaidi. "Ilikuwa inaruka nyuma yangu kama mtoto amepewa sukari," anasema. Ya tatu alichomelewa kitanda cha vyuma juu ya keria, akalining'iniza sanduku humo kwa mipira ya tyubu ya gari. Ikavunjika pia, nyekundu kama ya kuchinjwa.

Jioni ile aliirudisha mipira nyumbani, akakaa nayo mapajani. Mkewe alikuwa ametoka kuteka maji, ndoo bado iko kichwani juu ya kata ya kitambaa, imejaa mpaka mdomoni. Akasimama akimtazama.

"Umeikaza," akasema.

"Nisipoikaza itaanguka."

"Mimi nimetoka bondeni na hii ndoo, sijaishika. Imeanguka? Ningekaza shingo ningekuwa nimeoga. Shingo inalegea, inaifuata ndoo inakotaka. Wewe maisha yako yote unajua kukaza tu."

Ni maneno makali, na yalimpata mahali alipokuwa na kidonda tayari. Kesho yake alikwenda kwa mtengeneza baiskeli, akaomba tyubu zilizokwisha kazi, zile nyembamba, laini, zilizozibwa viraka mpaka basi. Amezikata vipande sita. Chini ya sanduku ameweka mfuko wa plastiki mnene wenye maji nusu, umeze mtikisiko. Sanduku sasa linaning'inia limelegea, linayumba ukilipulizia. Kumtazama mtu huyu akifunga kitu kwa kulegeza ni kumtazama anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Saa tatu asubuhi damu za watu kumi na tisa ziko kifuani. Anapiga kiki mara mbili, ya tatu injini inaitikia. Muuguzi anasimama mlangoni.

"Polepole, baba."

"Nikienda polepole inatikisika, nikienda mbio inatikisika. Niombee tu isitikisike sana."

Kwenye mawe anasimama juu ya vikanyagio, magoti amekunja, kifua amekiinamisha mbele kuzuia sanduku lisiguse tangi. Anashika klachi kwa vidole viwili vinavyosikia, na breki ya mbele anaivuta kwa kiganja, kwa kubahatisha, maana vidole vya kulia havimwambii ameshika au hajashika. Kwenye mto wa pili tairi la mbele linateleza juu ya jiwe, pikipiki inalala upande, anaweka mguu majini mpaka gotini na kuinyanyua kwa mgongo. Analia kwa maumivu, sauti ndogo tu, kisha anageuka kutazama sanduku la nyuma. Linayumba, halijalowa.

Saa sita kasoro robo anaingia uani kwa maabara. Mama wa maabara anapokea damu za wagonjwa kwanza, anazipitia moja moja. Zote nzima. Ndipo anachukua vichupa viwili vya Kifua na kuviingiza mashineni. Dakika kumi mashine inavuma. Kifua anasubiri kwenye benchi la korido, mikono katikati ya mapaja kuipa joto.

Mama wa maabara anatoka navyo, anaviinua dirishani. Katika kila kichupa damu nzito imekaa chini na majimaji yamepanda juu. Ya kifuani yana rangi ya manjano, kama mafuta ya kupikia. Ya nyuma si ya manjano.

"Imevunjika," anasema.

Kifua anaitikia kwa kichwa. Anaanza kusimama.

"Ngoja, sijamaliza. Kaa." Anakisogeza kichupa karibu na miwani. "Wiki iliyopita ilikuwa nyekundu. Umeona leo? Leo ni kama maji yaliyooshewa nyama. Kwa kipimo cha figo bado natupa. Lakini vipimo vingine viwili vitatu ningeweza kupima. Umefanya nini?"

"Nimelegeza."

"Basi legeza tena."

Anarudi uani. Anachovya kidole kwenye chupa yake ya maji, anadondosha tone juu ya silinda. Linachemka. Anangoja. Huku akingoja anaeleza mpango wake, na ni mpango wa kuanzia mipira: ataipunguza kutoka sita hadi minne, na mfuko wa maji ataujaza robo tu. Kile kitanda cha vyuma atakishusha shibiri moja karibu na ekseli. Ikikubali, ataomba fundi chuma amtengenezee cha pili cha akiba, na atamfundisha dereva mpya mwenyewe kufunga, siku nzima ikibidi, mpaka mkono wake uzoee kutokaza.

"Na isipokubali?" tunamuuliza.

Anatazama mikono yake. "Isipokubali, huyo dereva nitamwonyesha mikanda ya kifuani. Nitamwonyesha na vidole vyangu. Atachagua mwenyewe." Anatikisa kichwa. "Nisingependa kumchagulisha mtoto wa mwenzangu jambo hilo."

Mama wa maabara amechungulia dirishani na pamba mkononi, ameona sehemu iliyotobolewa asubuhi imeanza kuvuja tena kwenye shati.

"Baba, kila Alhamisi unachukuliwa damu. Si utaishiwa?"

Tone la pili halichemki. Kifua anaegemeza mkono kwenye injini, anaanza kulegeza mpira wa kwanza wa sanduku la nyuma.

"Damu ninayo," anasema. "Zinazoniishia ni Alhamisi. Zimebaki tano."